Wamefungua, hawakusoma: blogu hupotezea wapi wasomaji wake

Katika makundi ya WhatsApp ya waandishi wa mtandaoni kuna swali lisiloisha. Mmoja anatuma picha ya takwimu zake: blogu imefunguliwa mara elfu arobaini mwezi huu. Wenzake wanampongeza. Kisha yeye mwenyewe anauliza: mbona hakuna anayeacha maoni, hakuna anayerudi, na matangazo hayaingizi hata hela ya bando? Majibu huja kwa wingi. Andika kila siku. Jaza maneno ya Google. Badilisha muonekano. Tupia kiungo kwenye makundi mengi zaidi. Kila jibu linatolewa kwa uhakika mkubwa, na karibu yote yanachanganya mambo mawili ambayo lazima tuyatenganishe kwanza: kufunguliwa na kusomwa.

Tuanze na hesabu, maana mkanganyiko umezaliwa hapo. Mtu akifungua ukurasa wako, simu yake hutuma maombi mengi kwa seva, yaani kompyuta inayohifadhi blogu yako: ombi la maandishi, ombi la kila picha, ombi la tangazo. Ukurasa wenye picha nyingi unaweza kuandikisha maombi zaidi ya ishirini kwa mtu mmoja, kwa hiyo anayejivunia namba ya maombi hajasema lolote kuhusu watu. Halafu kuna idadi ya kurasa zilizofunguliwa. Msomaji akipitia makala tatu anahesabiwa mara tatu. Mtandao ukikatika akafungua upya, anahesabiwa tena. Kisha kuna wageni, na hapa kinachohesabiwa si binadamu bali ni kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa kama Chrome. Ukisoma kwa simu asubuhi na kwa kompyuta ya ofisini mchana, wewe ni wageni wawili. Ndugu wanne wanaopokezana simu moja ni mgeni mmoja.

Msomaji ni habari nyingine. Ni yule aliyekuja na haja yake, akaipata, akaondoka ameridhika. Hakuna kihesabio kinachomwonyesha moja kwa moja, lakini ndiye anayerudi, na ndiye anayemwambia jirani.

Baada ya msomaji, neno la pili la kulielewa ni urahisi wa matumizi. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lililifafanua mwaka 1998 kwa mambo matatu: je, mtumiaji aliyekusudiwa anafikia lengo lake? Anatumia nguvu na muda kiasi gani? Na anaridhika? Neno "kupendeza" halimo. Fikiria duka la mtaani ambako umetumwa chumvi. Duka zuri si lile lenye taa za rangi. Ni lile ambalo chumvi unaiona kabla hujauliza, chenji ipo, na hakuna mtu amesimama mlangoni anayetaka namba yako ya simu kabla hujaingia. Blogu zetu nyingi zina huyo mtu wa mlangoni.

Shangazi na ratiba ya chanjo

Rafiki yangu anaandika blogu ya ufugaji wa kuku. Kazi yake anaijua, amefuga kwa miaka mingi, na maelezo yake yameokoa vifaranga vya watu. Aliniomba nimsaidie kuongeza wasomaji. Badala ya kuanza na Google tukaanza na shangazi yake, mama wa makamo anayefuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, mwenye simu ya bei ya kawaida ambayo kioo chake kimepata ufa kwenye kona ya juu. Tulimwacha atumie simu yake mwenyewe na bando lake mwenyewe, ambalo tulimrudishia baadaye, tukampa kazi moja: "Shangazi, tafuta humu vifaranga wanapewa chanjo ya mdondo siku ya ngapi." Kisha tukanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote, kwa sababu ulimi wa mwenye blogu unawasha kusema "bonyeza pale juu".

Ukurasa ulichelewa kufunguka. Shangazi akaona weupe mtupu, akadhani imegoma, akarudi nyuma, akaingia tena. Ulipofunguka, kikatangulia kisanduku kilichofunika kioo chote kikimtaka ajiandikishe kwa barua pepe. Alama ya kukifunga ilikuwa ndogo, juu kabisa kwenye kona, palepale penye ufa. Alipofanikiwa kukifunga akakutana na menyu yenye vipengele kumi na kimoja: Nyumbani, Kuhusu, Makala, Makala Zaidi, Elimu, Mengineyo, na kadhalika. Akajaribu Elimu. Haikuwemo. Akajaribu Mengineyo. Humo akapata makala yenye kichwa "Mambo muhimu kwa mfugaji, sehemu ya tatu". Akashuka aya saba za utangulizi kuhusu mchango wa kuku katika uchumi wa familia, ndipo akaifikia ratiba. Ratiba yenyewe ilikuwa picha, imepigwa kutoka kwenye bango la ukutani. Akaivuta kwa vidole viwili. Herufi zikavimba, zikafifia.

"Mwanangu," akamwambia rafiki yangu, "si ungeniambia tu kwa mdomo?"

Zoezi zima lilichukua kama dakika sita. Jioni tulipofungua takwimu tuliona kitu ambacho sijakisahau. Kwa mujibu wa namba, shangazi alikuwa mgeni wa mfano: kurasa tano, dakika sita ndani ya blogu. Mashine ilimwona msomaji hodari. Sisi tulikuwa tumemwona mtu aliyepotea.

Jakob Nielsen, aliyetumia miongo kadhaa kuchunguza jinsi watu wanavyotumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu, wakijaribu mmoja mmoja namna hii, hufichua takribani asilimia 85 ya kasoro. Usiishike namba hiyo kama sheria. Shika kinachoizaa: kasoro kubwa humkwaza karibu kila mtu, kwa hiyo mtu wa kwanza ataionyesha, wa pili ataithibitisha, na ukifika wa tano utakuwa unaona yaleyale. Huhitaji maabara. Unahitaji jirani, mpwa, mteja wa dukani, na uwezo wa kufunga mdomo kwa dakika kumi.

Kilichomkwaza, kimoja kimoja

Kwanza uzito. Picha ya megapikseli 12 kutoka kwenye simu ina upana wa pikseli (vidoti vinavyoiunda picha) 4,000 hivi na mara nyingi huwa na MB tatu hadi tano. Makala yenye picha kumi za namna hiyo inabeba MB 30 au zaidi. Mwenye bando la MB 200 atafungua makala sita, na bando limekwisha. Wakati huohuo kioo cha simu yake hakiwezi hata kuonyesha pikseli zote hizo. Picha ileile ukiipunguza hadi upana wa pikseli 1,200 na kuihifadhi kwa ubora wa wastani katika muundo wa JPEG au WebP, kwa kawaida hushuka hadi karibu KB 200, na jicho halitaona tofauti. Makala ya MB 30 inakuwa ya MB 2. Bando lile lililotosha makala sita sasa linatosha mia moja. Sidhani kuna kazi nyingine ya nusu saa inayomheshimu msomaji wa Kiswahili kuliko hii. Baadhi ya mifumo ya kublogu hupunguza picha yenyewe, ila usikisie: Google ina chombo cha bure kiitwacho PageSpeed Insights, unaweka anwani ya ukurasa wako kinakupimia. Lengo wanaloliweka ni sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5.

Ipo kasoro nyingine ambayo shangazi hakuipata siku ile lakini wewe umeshaipata. Unataka kugusa neno "Endelea", tangazo linashuka ghafla, maandishi yanaruka, kidole chako kinatua kwenye tangazo. Hutokea kwa sababu ukurasa haukutengewa nafasi ya picha au tangazo kabla halijafika. Dawa yake ni kutaja upana na kimo cha kila picha na kila sehemu ya tangazo mapema. Google huupima mrukoruko huu pia na kuuingiza katika tathmini yake ya ukurasa.

Kisanduku cha kujiandikisha si dhambi. Kosa ni wakati wake. Kumwomba mtu barua pepe kabla hajasoma sentensi moja ni kumposa binti kabla ya kubisha hodi kwao. Kiweke mwisho wa makala, mtu akiwa ameshaonja. Tangu Januari 2017 Google imekuwa ikizishusha daraja kurasa za simu zinazomfunikia msomaji alichokifuata pindi tu anapotoka kwenye utafutaji, kwa hiyo unapoteza pande zote mbili.

Menyu iwe fupi, na majina yake yawe ya msomaji. "Mengineyo" ni jina la mwenye nyumba. Yeye ndiye anayejua ameweka nini humo. Kwenye blogu ya kuku, "Magonjwa", "Chanjo", "Chakula" na "Mabanda" yanajitosheleza.

Halafu kuna mpangilio wa maandishi yenyewe, na hapa naomba tukae kidogo. Nielsen huyohuyo aliripoti mwaka 1997 kwamba asilimia 79 ya watu aliowachunguza walipitisha macho tu kila walipofungua ukurasa mpya. Waliosoma neno kwa neno walikuwa asilimia 16. Sisi tumefundishwa insha shuleni: utangulizi, kiini, hitimisho. Mwalimu alilazimika kuisoma yote kwa sababu alilipwa kuisoma. Msomaji wa simu hana deni hilo. Aliyetafuta siku ya chanjo apewe siku ya chanjo kwenye mistari ya kwanza, kisha ndipo umweleze kwa nini siku hiyo, nini kikikosewa, na historia ukiwa nayo. Anayetaka kwa undani ataendelea kusoma, na aliyekuwa na haraka atakumbuka kwamba kwako alipata jibu. Aya ziwe fupi, na vichwa vidogo viseme kilichomo ndani.

Na ratiba, bei au namba ya kipimo cha dawa visiwekwe kama picha. Maandishi ndani ya picha hayakuzwi bila kufifia, hayanakiliwi kwa urahisi, na asiyeona anayesomewa na simu yake kwa sauti huenda asisikie chochote. Kama picha ni lazima, iandikie maelezo ya maneno. Mifumo yote mikubwa ya kublogu ina sehemu ya kuyaweka.

Rangi nitaipitia haraka: maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe hupendeza ofisini na hupotea kabisa saa saba mchana juani. Miongozo ya kimataifa inataka uwiano wa mng'ao wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya herufi za kawaida na mandhari yake. Zipo tovuti za bure za kupimia.

Ukijiuliza kwa nini kasoro hizi zimetujaa, sehemu ya jibu ni historia. Katikati ya miaka ya 2000, akina Ndesanjo Macha walipokuwa wanafungua njia ya kublogu kwa Kiswahili, msomaji alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, mara nyingi kwenye mkahawa wa intaneti akilipia kwa muda. Kioo kilikuwa kipana. Safu tatu za viungo pembeni, kalenda na saa inayocheza vilipata pa kukaa. Msomaji amehamia kwenye kioo cha kiganjani. Miundo mingi tunayoitumia bado inamsubiri mkahawani.

Kumfikisha mlangoni

Hapa ndipo methali inapotuponza. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" ni kweli sokoni, ambako kizuri kimeshapangwa mezani na watu wanapita. Mtandaoni hakuna anayepita kwa bahati. Makala isiyopatikana kwenye utafutaji na isiyotumwa na mtu ni sawa na nyanya nzuri zilizofungiwa ndani ya nyumba.

Google hufanya mambo matatu. Hutembea kutoka kiungo hadi kiungo ikisoma kurasa. Huziweka kwenye faharasa kubwa, kama ile ya nyuma ya kitabu. Kisha mtu akiuliza, huzipanga kwa kuangalia zinavyolijibu swali na zinavyoaminika. Larry Page na Sergey Brin walipoieleza mbinu yao mwaka 1998 wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, wazo kuu lilikuwa kwamba kiungo kutoka ukurasa mwingine ni kama kusifiwa, na sifa kutoka kwa anayeheshimika ina uzito zaidi. Leo wanaangalia mambo mengi zaidi ya hapo, lakini wazo hilo bado lina nguvu. Kiungo kimoja kutoka kwa mtu anayeandika mambo ya mifugo kina maana kuliko viungo mia ulivyovinunua.

Kosa kubwa ninaloliona kwenye blogu za Kiswahili ni vichwa. Daladala ya Dar es Salaam hubeba jina la njia na mstari wa rangi yake. Abiria aliyesimama kituoni anajua kabla haijasimama kama ni yake. Kichwa cha makala ndicho kibao hicho. "Mambo muhimu kwa mfugaji, sehemu ya tatu" ni daladala isiyo na kibao. "Hutaamini kilichowapata kuku hawa" ni daladala yenye kibao cha uongo, na abiria aliyepandishwa kwa uongo hapandi tena. Mtu ambaye kuku wake wanaumwa usiku huandika maneno yanayotoka mdomoni mwake: "kuku kuharisha damu", "dawa ya mafua ya kuku", "ratiba ya chanjo za vifaranga". Haandiki lugha ya semina. Rafiki yangu alikuwa na majibu ya maswali yote haya, ameyafungia chini ya vichwa ambavyo hakuna mtu duniani angevitafuta.

Ndipo linapokuja suala la kujaza maneno. Bado kuna mafundi wanaotoza hela kuweka orodha ya maneno mia kwenye sehemu iliyofichwa ya ukurasa. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitazami orodha hiyo kabisa inapopanga matokeo. Na kurudia "chanjo ya kuku" mara thelathini kwenye makala moja kunamchosha msomaji na kunahesabika kama hila. Andika neno mahali linapostahili: kwenye kichwa, kwenye mstari wa mwanzo, na popote linapokuja lenyewe.

Usikisie watu wanatafuta nini. Google Search Console ni ya bure, na inakuonyesha maneno halisi yaliyowaleta watu, mara ngapi makala yako ilionekana kwenye matokeo, na mara ngapi ilibofywa. Isome kama daktari anavyosoma vipimo. Makala inaonekana sana lakini haibofywi? Angalia kwanza kichwa, na angalia kama iko chini mno kwenye orodha. Inabofywa, lakini hakuna anayeendelea na makala ya pili wala kurudi? Tatizo liko ndani, mwite shangazi. Haionekani popote? Huenda hakuna anayeuliza swali hilo kwa maneno yako, au Google haijaifikia.

Kwa wasomaji wetu, hata hivyo, mlango mkubwa ni WhatsApp. Takwimu nyingi humwandika aliyetoka huko kama mtu aliyekuja "moja kwa moja", kwa sababu programu hiyo haisemi alikotoka. Hivyo usidharau fungu hilo. Kiungo kinapotumwa, hutokea kisanduku chenye picha, kichwa na mstari mmoja wa maelezo. Hivyo vyote wewe ndiye unayevipanga kwenye mipangilio ya makala. Kabla ya kuchapisha jitumie mwenyewe kiungo uone kinatokeaje. Na usimwage kiungo kitupu kwenye makundi ishirini. Andika sentensi mbili zenye jibu lenyewe, kisha kiungo kwa anayetaka ratiba nzima. Aliyesaidiwa na sentensi mbili atabofya, na atasambaza.

Kuandika kila siku? Makala moja kwa wiki inayojibu swali la kweli, na ikarekebishwa mambo yakibadilika, huendelea kuleta watu kwa miaka. Makala saba za kujaza nafasi huzeeka pamoja na wiki yake. Habari za leo zinahitaji kasi hiyo, elimu ya kuku haiihitaji. Kununua wafuasi au kubadilishana mibofyo ni hatari zaidi: namba hupanda, wasomaji hawaongezeki, na mitandao ya matangazo kama AdSense hufunga akaunti inapobaini mibofyo ya kutengeneza, ikiwemo ile ya mwenye blogu kubofya matangazo yake mwenyewe.

Rafiki yangu alifanya kazi kwa majuma mawili. Alipunguza picha, akahamisha kisanduku, akabakiza vipengele vinne kwenye menyu, akaliandika upya jedwali la chanjo kwa maandishi: siku ya saba mdondo, siku ya kumi na nne gumboro, na kuendelea. Kichwa kikawa "Ratiba ya chanjo za vifaranga: mdondo, gumboro na ndui". Tukarudi kwa shangazi na simu ileile yenye ufa na swali lilelile. Safari hii hatukupata hata muda wa kunyamaza vizuri. Alilisoma jibu kwa sauti, akaendelea kushuka mwenyewe bila kuombwa, akasimama.

"Na hii ya tone la jichoni, ya kurudia kila baada ya miezi mitatu kwa kuku wakubwa, mbona hujaiandika? Mama wa nyumba ya pili ananiuliza kila siku."

Rafiki yangu akachukua kalamu.